Mwiko

Siku ya kwanza Ramilaben alinionyesha jiko
kama mtu anayeonyesha hati za shamba:
hapa mvuje, hapa haradali, hapa samli,
huu mtungi wa maji, hauguswi na mwenye viatu.
Kitunguu maji, hakuna. Kitunguu saumu, hata jina lisitajwe.
Yai? Akacheka, akaziba pua kwa ncha ya sari.
"Miungu hula kwanza," akasema, "sisi hula masazo yao."
Kisha akanipa mwiko,
nisijue amenipa upi,
wa mti au wa mdomo.

Mimi nimetoka Krishnanagar, kando ya mto Jalangi,
ambako samaki huitwa tunda la maji
na kuhani mwenye uzi kifuani
huchambua miba kwa vidole viwili, sala bado mdomoni.
Siku ya harusi yangu tulimvisha samaki sari nyekundu,
tukamtia kipini.
Hakuja nami Vadodara. Mjomba alisema,
"Huyu abaki. Kule watazimia."

Miezi minne nikala dali tamu, mumunye, majani ya uwatu,
chapati laini kama sikio la mtoto,
na nikanenepa, sisemi uongo.
Ila usiku ulimi ulitafuta mwiba.

Ketan hurudi saa tatu akitafuna iliki.
Nyuma ya stesheni kuna mkokoteni wa kimanda.
Mama anajua. Mimi najua.
Iliki inajua.

Juzi sokoni nikaliona ua la mgomba,
zambarau, zito, limejifumba kama ngumi.
Nikasimama hadi muuzaji akadhani naumwa.

Bibi yangu Hemnalini alifiwa na mume akiwa na miaka kumi na tisa.
Kwa kifo kimoja wakamnyang'anya samaki,
kitunguu, bangili, wekundu wa paji la uso,
hata dengu nyekundu, eti zinachemsha damu.
Akapewa jiko lake uani, sufuria yake,
mlo mmoja kwa siku.
Mbuzi pekee aliyeruhusiwa kumkaribia
alikuwa wa kukunia nazi.
Sisi barazani tukifyonza vichwa vya samaki,
yeye akilichambua ua, kijiua kwa kijiua,
aking'oa katika kila kimoja ule unywele mgumu usioiva,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Aliloweka kwa manjano usiku kucha.
Na siku ya pili, tangawizi ilipogusa samli,
tuliacha samaki wetu wapoe
tukapanga foleni mlangoni
pa mwanamke aliyekatazwa kula.

Nikapika hivyo hivyo.
Ramilaben akaonja, akasita.
"Kitunguu kiko wapi?"
"Hakuna, Mama."
"Mbona kama kipo?"
Akaongeza. Akaifuta sahani kwa kipande cha chapati.
"Nani kakufundisha? Nilidhani kwenu ni shombo tu."

Nikamweleza. Kumi na tisa. Uani. Mlo mmoja.
Nikasema, hiki mnachokila kwa ibada
yeye alikila kwa kifungo.
Nilitaka alirudishe tonge sahanini. Sijui kwa nini nilitaka.
Hakulirudisha. Alitafuna polepole, akameza, akanywa maji.
"Hata mimi sikuulizwa, mwanangu. Nilizaliwa humu.
Ni vile nilibahatika kupapenda."

Leo asubuhi nimemkuta sakafuni,
gazeti limetandazwa, miwani kwenye ncha ya pua,
ua jipya mapajani.
Anang'oa zisizong'olewa, anaziacha za kutupwa.
Akaniinulia vidole.
"Hili doa hutoka lini?"
Halitoki upesi, nikamwambia.
Mtu hupaka mafuta kwanza.
"Sasa ndiyo unasema."